Mwalimu Wilkista na Konga Tatu

Wilkista Nakhungu alifika shuleni kwetu Januari ya mwaka 2023, Jumanne ya pili ya muhula, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshakosana na watu watatu. Wa kwanza alikuwa bawabu, aliyetaka kuupekua mkoba wake. Wa pili alikuwa mwalimu wa hesabu, aliyemwambia kiti alichokalia kina mwenyewe. Wa tatu nilikuwa mimi. Nilimkaribisha vizuri tu, nikamwambia shule yetu ina amani, na kwamba yaliyotokea Tongaren, alikotoka, hapa hakuna mtu angeyafuata.

Alinitazama kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa.

"Umesikia nini kuhusu Tongaren?"

"Si mengi, mwalimu. Watu husema tu."

"Basi wewe usiseme."

Naitwa Pauline Chepngeno. Nafundisha Kiswahili katika shule hiyo ya wasichana, nje kidogo ya Kitale, upande wa barabara ya Endebess. Kwa mihula mitano meza yangu na ya Wilkista zilikuwa zimegusana. Mengi ya haya niliyaona kwa macho. Mengine niliyafanya mimi mwenyewe, na hayo ndiyo yaliyonifanya niandike.

Alikuwa na miaka arobaini na minne, mfupi, mabega mapana, kucha zimekatwa hadi nyamani. Alizaliwa Kimilili. Baba yake, Mzee Wanjala, alikuwa mpiga ngoma aliyeitwa kila penye harusi au matanga, kuanzia Kimilili hadi Bungoma mjini. Mzee alikuwa na wana watatu wa kiume ambao hakuna aliyeweza kushika mdundo kwa dakika mbili bila kupotea, na binti mmoja aliyeweza. Binti huyo hakuruhusiwa kugusa ngoma. Alijifunza kwa kupiga beseni la kufulia, akichapwa kila alipokamatwa. Baadaye bendi ya kanisa ilimpa ngoma kubwa, ile ya kubebwa kifuani, kwa sababu wavulana wote waliikimbia kwa uzito. Alipofika chuo kikuu akakutana na mhadhiri mmoja aliyesomea ng'ambo, aliyewafundisha jazi ya Kilatini: midundo ya Kuba na ngoma zake, konga, bongo, timbale. Wilkista aliniambia jambo moja tu kuhusu siku hizo.

"Nilipata ngoma ambazo hakuna mzee wa kwetu angeweza kuniambia si zangu. Wazee hawakuzijua hata majina."

Shuleni kwetu alizikuta konga tatu ghalani, kando ya magunia ya maharagwe. Wageni fulani walikuwa wametuachia miaka mingi iliyopita. Konga ni ngoma ndefu yenye tumbo, hupigwa kwa viganja. Zetu zilikuwa zimefanywa viti. Mtunza ghala alikuwa amekalia ile kubwa akichambua maharagwe, na Wilkista hakumwambia "samahani" wala "habari ya kazi". Alimwambia, "Inuka." Mwanamke yule akakataa. Wilkista akaishika konga kwa mikono miwili na kuivuta, mtunza ghala akadondoka juu ya maharagwe, na kesi ya kwanza ikafika kwa mwalimu mkuu, Bi. Edah. Kesi ilidumu wiki mbili. Konga zilitoka.

Aliwachagua wasichana tisa. Hakuwatafuta wenye sauti nzuri wala wenye nidhamu. Alipita madarasani akigonga dawati kwa kalamu, mapigo matatu kisha mawili, akawaambia wayarudishe. Waliobaki ni wale waliorudisha bila kuongeza haraka. Miongoni mwao alikuwa Jelagat, wa kidato cha pili, binti wa mkulima wa viazi kutoka miteremko ya Mlima Elgon, msichana mrefu asiyezungumza ovyo. Alikuwamo Chepchumba, aliyefukuzwa kwenye kwaya kwa kucheka. Na alikuwamo Nyambu, mdogo wa mwili, mgeni kwetu, ambaye baba yake alihamishiwa Kitale kikazi.

Nyambu ndiye aliyepewa klave. Hivyo ni vijiti viwili vya mbao ngumu vinavyogonganishwa. Ukiviona utadhani ni kazi ya mtoto wa chekechea, lakini mdundo wake ndio unaowabeba wengine wote. Matatu, halafu mawili. Matatu, halafu mawili. Wilkista alimsimamisha Nyambu katikati ya chumba siku nne mfululizo apige hivyo tu, huku wenzake wakipiga kelele za kila aina masikioni mwake. Siku ya tatu mtoto alilia. Nilikuwa nikipita, nikaingia.

"Mwalimu, si umwache apumzike?"

"Analia, lakini hajakosea," Wilkista akajibu bila kunigeukia. "Wewe ndiye unataka kumkosesha. Toka."

Kweli, machozi yalikuwa yakimtiririka Nyambu na vijiti vilikuwa vikilia sawasawa.

Timbale zilitengenezwa na fundi wa jua kali pale sokoni Kitale, mapipa mawili madogo ya bati yenye ngozi upande mmoja. Marakas walizifanya kwa vibuyu na mbegu. Kufikia muhula wa tatu, ukipita nyuma ya jiko alasiri ungesikia kitu ambacho Kitale haikuwa imekizoea: konga zikizungumza chini kwa chini, timbale zikipasuka juu yake, kengele ikigonga kando, na klave ile katikati, haitikisiki. Mimi sijui muziki. Najua kwamba wapishi walikatia mboga kwa mdundo ule bila kujua.

Naibu wa mwalimu mkuu alikuwa Bw. Kipruto. Ndiye pia aliyesimamia nidhamu na ngoma za kitamaduni, na kikundi chake kilikuwa kikileta vikombe karibu kila mwaka. Wapigaji wake wawili bora, Jelagat na Chepchumba, walimwacha wakaenda kwa Wilkista. Hakumsamehe. Kwanza alikifanya chumba cha muziki ghala la mahindi, ndipo wasichana wakahamia nyuma ya jiko. Kisha akapanga adhabu za kukata nyasi saa ileile ya mazoezi, na majina yaliyosomwa kwenye paredi kila Jumatatu yalikuwa ya wale tisa. Wilkista akawapeleka wakate nyasi kwa mdundo. Slasha tisa zikawa zinapanda na kushuka, matatu, mawili, huku yeye amesimama pembeni akigonga vijiti na kumtazama Kipruto dirishani.

Katika chumba cha walimu hawakusalimiana. Kipruto akiingia, Wilkista anageuza kiti. Wilkista akisema jambo mkutanoni, Kipruto anauliza wengine, "Kuna mtu amesema kitu?" Sisi wengine tulicheka. Nilicheka na mimi, kwa sababu kutocheka kungenifanya nionekane niko upande wake, na upande wake ulikuwa na mtu mmoja.

Machi ya 2024 palikuwa na siku ya wazazi. Kipruto alisimama ukumbini na simu mkononi, akasoma kwa sauti ya mhubiri kwamba huko Kuba ngoma za aina hii hutumiwa kuita mizimu.

"Sisemi mimi," akasema. "Yameandikwa hapa. Na sasa tuna mwalimu anayewafundisha watoto wenu mambo hayo nyuma ya jiko. Kwa nini nyuma ya jiko? Anaficha nini?"

Ukumbi ukanguruma. Babake Jelagat, Mzee Kimaiyo, akasimama akiwa ameshika kofia.

"Mimi nilileta mtoto asome. Sikumleta apige ngoma kama mlevi wa kilabuni. Huyu mwalimu atuambie ako na dini gani."

Wilkista angeweza kujibu kwa upole. Nilimwomba kimoyomoyo ajibu kwa upole. Alisimama, mikono nyuma.

"Mzee, mtoto wako alikuwa na D ya hesabu kabla sijafika. Ngoma haikumfundisha hiyo D."

Wazazi wengine wakacheka, na Mzee Kimaiyo akabaki amesimama, uso umewaka kwa aibu. Wilkista akaendelea.

"Na wewe, Bw. Kipruto, kama umesoma, ungesoma mpaka mwisho. Ngoma hizi zilitoka Afrika. Zilikwenda huko pamoja na watu waliofungwa minyororo. Watu walipokatazwa ngoma, walipiga masanduku. Leo zimerudi nyumbani, nawe unasimama mlangoni kuziomba kitambulisho."

Ingekuwa mimi, ningeketi hapo. Yeye akaongeza, "Mnaogopa wasichana wenye mikono yenye nguvu. Hiyo tu. Mizimu ni kisingizio cha watu wavivu wa kufikiri."

Hapo fujo ikaanza. Mwenyekiti wa bodi alijiona ametukanwa. Mzee Kimaiyo alitaka kusema tena, na Kipruto, aliyekuwa akijaribu kutuliza ukumbi, akamfokea kupitia kipaza sauti: "Keti wewe, hapa si soko la viazi!" Mzee yule akatoka nje bila kuaga mtu. Alikuwa amedhalilishwa mara mbili asubuhi moja, na watu wawili waliochukiana.

Bodi haikupiga marufuku kikundi. Bi. Edah hakupenda makelele ya aina yoyote, hata ya kufukuza mtu. Lakini barua ya mwaliko ilipokuja kutoka Bungoma, ya tamasha la ngoma la vijana katika ukumbi wa chuo kimoja mjini, aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Wataenda," aliniambia. "Na wewe utaenda nao. Uwe jicho langu. Ukirudi, uniandikie ripoti. Kila kitu, Pauline."

Nikakubali. Sikuuliza kila kitu maana yake nini.

Tamasha lilikuwa Jumamosi, mwishoni mwa Juni. Ijumaa nilikuwa mwalimu wa zamu, na funguo zote zilikuwa kwangu. Saa kumi alasiri Kipruto alikuja kuomba ufunguo wa stoo ya ala. Alisema anataka kutoa ngoma za kikundi chake zianikwe jua. Mawingu yalikuwa yamefunga mlima mzima na hakukuwa na jua la kuanika hata soksi. Nilimpa ufunguo. Baada ya robo saa aliurudisha, akasema asante, mwalimu, na akaniulizia habari za mama yangu.

Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, wasichana walikuja kubeba ala. Nilisikia Chepchumba akipiga yowe. Nilipofika, konga kubwa na ya kati zilikuwa zimechanwa ngozi kwa wembe, kila moja mkato wa msalaba, nadhifu, kama mtu aliyefungua bahasha. Ile ndogo ilikuwa nzima, na mkwaruzo mmoja tu.

Wilkista alipiga magoti akapitisha kidole kwenye mkato. Hakulia wala hakutukana. Alinyanyua macho akaniuliza mimi:

"Nani alikuwa na ufunguo?"

"Ulikuwa ofisini," nikasema.

Hilo ndilo nililomwambia. Lilikuwa kweli kwa kiasi fulani, maana ofisini ndipo nilipokuwa nimeketi.

Basi la shule nalo halikuwepo. Kipruto alikuwa amelipeleka gereji tangu alfajiri. Wasichana waliketi kulizunguka sanduku la timbale, sare zimepigwa pasi. Wilkista alitembea huku na huku, kisha Jelagat akainuka na kuomba simu. Alizungumza kwa Kisabaoti, maneno machache, akairudisha.

"Baba anakuja na kanta," akasema.

Mzee Kimaiyo alifika baada ya saa moja na lori lake dogo, turubali limefungwa, vumbi la viazi bado sakafuni. Hakumpa Wilkista mkono.

"Sijakuja kwa ajili yako," alisema. "Ulinitusi mbele ya watu, na sijasahau. Lakini yule naibu wenu alisema mimi ni mtu wa soko la viazi. Leo viazi vitampeleka mtoto wangu Bungoma. Pandeni."

"Sikukuomba uje kwa ajili yangu," Wilkista akamjibu, akapakia hata konga zilizochanwa, akapanda.

Tulikata njia ya Kimilili. Karibu na mji huo, Wilkista alimwambia mzee akate kona, tukaingia barabara ya udongo hadi kwenye boma lenye ua wa michongoma. Palikuwa kwao. Kaka yake Khisa aliishi hapo, na ngoma za marehemu baba yao zilikuwa kwake. Dada na kaka hawakuwa wamezungumza kwa miaka tisa, tangu mazishi ya mzee. Siku hiyo Wilkista aliomba ampigie baba yake ngoma mara moja tu, na Khisa alimkatalia mbele ya waombolezaji wote. Wilkista aliondoka kabla jeneza halijateremshwa. Haya niliyapata kwa maneno yao wenyewe, kwa sababu waliyasema yote pale langoni, kwa sauti, sisi tukiwa tumesimama kwenye kanta kama ng'ombe wa mnada.

"Umekuja kufanya nini?" Khisa aliuliza. Alikuwa na mabega yaleyale ya dadake.

"Nataka ngoma mbili za baba. Mpaka jioni."

"Ngoma za baba!" Khisa akacheka bila furaha. "Baba hata hukumzika. Ulienda ukatuachia aibu. Watu waliuliza huyo msichana ako wapi, mimi nikasema nini?"

"Ungesema ulinifukuza."

"Si wewe ndio ulitaka kuketi mbele ya wazee ukipiga ngoma kama mwanamume?"

"Na nani angepiga? Wewe? Wewe hujui kupiga hata kofi, Khisa. Baba alijua. Ndiyo maana alinichapa mimi, hakukuchapa wewe."

Nilidhani atampiga. Alifungua lango, akaja hadi kwenye kanta, akawatazama wasichana mmoja mmoja. Akaziona konga zilizochanwa. Alizigusa kama dadake alivyozigusa, kidole kimoja, polepole.

"Nani amefanya hivi?"

Mimi nilikuwa nikitazama michongoma.

"Huyo si mtu," Khisa alisema. Akaingia ndani, akakaa sana, akatoka na ngoma mbili nyeusi kwa moshi na mafuta ya miaka. "Nitaenda nazo mwenyewe. Nitakaa hapo mbele nikiziangalia. Ikipata mkwaruzo moja, wewe na mimi tutakutana kwa chifu."

"Mkwaruzo mmoja," Wilkista akamsahihisha.

Ukumbi wa Bungoma ulijaa. Vikundi vilikuwa saba, na vyote isipokuwa chetu vilikuwa vya shule za wavulana au za mseto. Wetu walipopanda jukwaani wakiwa na konga moja, timbale za bati na ngoma mbili za zamani zisizofanana, wavulana wa viti vya nyuma wakaanza.

"Ati Latini! Si mrudi jikoni bana!"

"Hizo ni ngoma ama masufuria?"

Nyambu akaanza klave. Konga ndogo ikaingia, kisha Jelagat akaikalia ngoma kubwa ya Mzee Wanjala na kuipiga kwa kisigino cha kiganja, sauti ikatoka nzito kuliko konga ile iliyochanwa ilivyowahi kutoa. Kipande chenyewe Wilkista alikitunga, na hakukipa jina. Kilikuwa kinakwenda vizuri mpaka wale wavulana walipogundua namna ya kukivuruga. Walianza kupiga makofi pamoja, makusudi, mahali pasipo pake. Ukumbi wa watu mia tatu ukipiga makofi kinyume chako si jambo dogo. Nikamwona Nyambu akitupa macho pembeni. Vijiti vikayumba. Timbale ikakimbia mbele.

Wilkista aliwageuzia wasichana wake mgongo, akasogea hadi ukingoni mwa jukwaa.

"Mnapiga vibaya!" akafoka.

Walicheka, wakazidisha. Akainua mikono juu ya kichwa, akaanza kupiga klave kwa makofi, uso umekunjwa kwa hasira, akiwatazama wale wa nyuma kana kwamba atawashukia mmoja mmoja. Matatu, mawili. "Wewe wa sweta ya kijani! Masikio unayo? Tena!" Matatu, mawili. "Tena!" Sijui kama walimwogopa au waliona haya. Kijana wa sweta ya kijani aliacha kucheka, akajaribu, akakosa, akafokewa, akapata. Jirani yake akapata. Halafu safu. Makofi yakageuka, yakaja upande wetu, na Nyambu akayadaka kwa vijiti vyake kama mtu aliyerushiwa kamba mtoni. Jelagat akainama juu ya ngoma. Chepchumba akapasua timbale. Kwa muda wa labda dakika mbili ukumbi wote ulikuwa ala moja.

Ndipo mzee mmoja wa safu ya pili akasimama na fimbo.

"Hiyo ni ngoma ya Wanjala! Naijua! Nani amempa huyu msichana akalie ngoma ya Wanjala?"

Baadhi ya watu waliacha makofi. Jelagat hakuacha. Khisa, aliyekuwa ameketi mbele kabisa, amekunja mikono, akainuka taratibu.

"Mimi ndio nimempa. Mimi ni Khisa wa Wanjala. Kaa chini, mzee, ama utoke nje."

Mzee akatoka, akigonga sakafu kwa fimbo. Kipande kiliisha kama kilivyopaswa kuisha, kwa pigo moja, wote tisa pamoja, na kimya.

Tulipata nafasi ya tatu. Karatasi ya majaji ilisema mdundo ni safi sana na kiongozi hana adabu jukwaani. Wilkista aliisoma, akaikunja, akanipa.

"Weka kwenye ripoti yako."

"Ripoti gani?"

"Pauline, usinifanye mjinga."

Nje, Khisa alikuwa akizifunga ngoma za baba yake kwa blanketi. Hakumsifu mtu. Alimwambia dadake, "Usije tena nyumbani bila kupiga simu," na Wilkista akajibu, "Nitakuja nikitaka." Wakaachana hivyo.

Niliandika ripoti Jumapili. Niliandika kwamba wanafunzi walisafirishwa kwa lori la viazi. Kwamba ratiba ilibadilishwa njiani bila ruhusa. Kwamba mwalimu aligombana na jamaa yake mbele ya wanafunzi, na akawafokea watazamaji. Kila neno lilikuwa kweli. Kuhusu konga niliandika kwamba "zilipatikana zikiwa na hitilafu". Ufunguo sikuutaja.

Kabla ya Julai kuisha, Wilkista alipata barua ya uhamisho kwenda shule ya kutwa huko Sirisia. Siku ya kuondoka kwake, wasichana waligonga vijiko kwenye sahani za githeri wakati wa chakula cha mchana, matatu, mawili, meza zote. Kipruto akaamuru sahani ziondolewe, na siku hiyo shule nzima ikakosa chakula. Wilkista alipita kando ya bwalo akivuta sanduku lake. Hakuingia kuaga.

Septemba, Kipruto alikuwa akinywa chai karibu na meza yangu, na kiti cha jirani yangu kilikuwa kitupu. Alikiangalia, akatabasamu.

"Nilikata mbili," alisema, kama mtu anayesimulia habari za shamba. "Ya tatu wembe ukaisha makali."

Alisema hivyo kwa sababu alijua niko upande wake. Wiki tatu nilitembea na maneno yale, na Jumamosi moja ya Oktoba nikaenda Sirisia.

Nilimkuta uwanjani na watoto ishirini hivi wa kiume na wa kike, wakipiga mitungi ya plastiki. Aliponiona hakusimamisha kazi. Nilingoja mpaka alipowapa mapumziko, nikamwambia yote: ufunguo, mawingu, ripoti, wembe. Alisikiliza akifuta mikono kwa leso.

"Nilijua ni yeye," alisema. "Wewe sikujua. Nilidhani wewe ni mwoga tu."

"Nimekuja kuomba msamaha, Wilkista."

"Sitaki. Pole haishoni ngozi. Si wewe ni mwandishi wa ripoti? Basi andika nyingine. Ukishaandika, usinipigie simu kuniambia umeandika."

Akawaita watoto wake, akanipa mgongo.

Niliandika. Nilipeleka kwa bodi kwa mkono wangu, jina na sahihi. Kipruto alikana, akapewa onyo, na bado ni naibu. Bi. Edah aliniambia nimeiaibisha shule. Katika chumba cha walimu, nikisema jambo siku hizi, kuna sauti inayouliza, "Kuna mtu amesema kitu?" na wengine hucheka, nami najua vizuri kicheko kile kinavyotokea. Bodi ilimwandikia Wilkista ikimuuliza kama angependa kurudi. Alijibu kwa mstari mmoja kwamba ana kazi.

Konga ziliwambwa upya. Kikundi bado kipo, Jelagat ndiye anayekiongoza, yuko kidato cha nne sasa. Sheria inataka mwalimu awepo, na hakuna mwingine aliyekubali, kwa hiyo nakaa nao mimi, kila alasiri, kwenye benchi nyuma ya jiko. Wasichana wanajua nilichofanya. Hunisalimia kwa adabu na hawaniambii kitu kingine. Wiki iliyopita walikuwa katikati ya kipande kipya, kizuri mno, nikajisahau. Jelagat akainua mkono, wote wakanyamaza.

"Mwalimu Pauline," alisema, "acha kugonga mguu. Unatuharibia."

Nikauweka mguu chini, nikautuliza. Wakaanza upya.